Picha ya mandhari haisomwi kwa kuhesabu miti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala iliyochapwa katika safu yenu ya sanaa kuhusu mchoro wa John Constable unaojulikana kwa jina la The Hay Wain, yaani mkokoteni wa nyasi kavu. Mwandishi wa makala hiyo alitutajia nyumba, mto, farasi watatu, mbwa, miti na mawingu, kisha akahitimisha kwamba hiyo ni picha ya utulivu wa shamba, ya kumpumzisha mtu macho. Vitu alivyovitaja vimo, wala sina ugomvi na hesabu yake. Ugomvi wangu ni kwamba alipomaliza kuhesabu alidhani amemaliza kusoma, na ukurasa wenyewe ukamsaidia kudhani hivyo, kwa sababu picha ilichapwa ndogo kama kiganja, rangi zikiwa zimefifia hata mto, nyasi na anga vikawa karibu kitu kimoja.

Ninalotaka kusema ni kwamba mambo mazito ya mchoro huu hayakubebwa na vitu vilivyochorwa. Yamebebwa na rangi, na namna rangi hiyo ilivyolala juu ya turubai, na mpango uliovipa vitu hivyo mahali pake. Anayeanzia huko atakuta kwamba utulivu alioutangaza mwandishi wenu ulijengwa kwa jasho, tena ulijengwa na mtu aliyekuwa amesimama mahali maalumu, na mahali hapo ni sehemu ya maana ya picha.

Kwanza yale ya msingi. Constable alizaliwa mwaka 1776 East Bergholt, katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alifanya biashara ya nafaka na alimiliki kinu cha maji cha Flatford kando ya mto Stour. Mchoro huu wa rangi za mafuta una upana wa sentimita 185.4 na kimo cha sentimita 130.2, ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1821 katika maonyesho ya Royal Academy, London, na leo umo National Gallery ya mji huohuo. Jina ambalo mchoraji aliupa kwenye maonyesho halikutaja mkokoteni hata kidogo. Aliuita "Mandhari: Adhuhuri". Mkokoteni ni jina lililoushika baadaye, na nadhani ndilo lililotupotosha, kwa maana linatutuma tukatafute kitu, hali mchoraji alitutuma tukatazame saa. Saa ni habari ya mwanga, na kwa mtu mwenye brashi mkononi mwanga ni habari ya rangi.

Rangi yenyewe, kwa hapa, kwanza ni kijani. Kiswahili kinatuandaa vizuri kwa somo hili. Jina letu la rangi hii limetoka kwenye jani, na tukitaka kuikoleza tunasema kijani kibichi. Tunalo pia neno chanikiwiti, nalo ni la majani yaleyale mabichi. Ndani ya jina lenyewe mna unyevu, kwa kuwa kibichi ni kile ambacho bado hakijakauka wala kupikwa. Katika Uingereza ya ujana wa Constable, mandhari iliyosifiwa ilikuwa ile iliyopikwa. Wenye fedha walikuwa wamezoea picha za karne zilizotangulia, ambazo vanishi yake ilikuwa imegeuka manjano kwa uzee, wakaamini kwamba ule ukahawia ndio heshima ya sanaa. Kanuni iliyofuatwa ilitaka kahawia mbele, kijani kilichotulizwa katikati, na buluu hafifu mbali kabisa.

Sir George Beaumont, mkusanyaji wa picha aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo ya sanaa na aliyemtendea Constable wema tangu ujana wake, alikuwa mtu wa kanuni hiyo. Rafiki mmoja wa mchoraji, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba siku moja Beaumont alipendekeza rangi ya fidla kuukuu iwe ndiyo rangi itawalayo kila kitu katika mandhari. Constable hakubishana naye kwa maneno. Alichukua fidla kuukuu akailaza juu ya nyasi mbichi mbele ya nyumba. Siku nyingine Beaumont alimuuliza kama haoni taabu kuamua mahali pa kuuweka mti wake wa kahawia, naye akajibu kwamba haoni taabu yoyote, kwa sababu mti wa namna hiyo hauweki kamwe katika picha zake. Nimeyarudia masimulizi haya kwa sababu yanatuonyesha kwamba kijani cha The Hay Wain, ambacho mwandishi wenu alikipita kama jambo la kawaida la shamba, kilikuwa msimamo, tena msimamo uliochukuliwa mbele ya mtu aliyeweza kumfungulia au kumfungia mchoraji milango.

Na kijani hicho si kimoja. Mchoraji wa Ufaransa Eugène Delacroix aliandika katika shajara yake mwaka 1846 kwamba Constable alieleza ubora wa kijani cha malisho yake kwa kusema kuwa kimeundwa na wingi wa kijani tofautitofauti. Ukisogea karibu na ile miti mikubwa iliyo nyuma ya nyumba utaona jambo hilo kwa macho yako. Doa la kijani kinachokaribia manjano limeketi kando ya doa la kijani kinachokaribia buluu, na kati yao limeachwa doa jeusijeusi la kivuli. Halikusuguliwa moja juu ya jingine hadi yakalingana. Ukirudi nyuma hatua chache macho huyakusanya, lakini hayayakusanyi kabisa, na katika ile nafasi ndogo iliyobaki ndipo jani linapoonekana kutikisika. Ukuta uliopakwa kijani kimoja hautikisiki, hata uupake kwa ustadi wa namna gani. Haki inanitaka niongeze kwamba kahawia haikufukuzwa yote: ukingo wa mto ulio mbele kabisa, pale alipo mbwa, bado una ule udongo wa joto ambao kanuni ya zamani iliudai. Constable alimshinda Beaumont kwenye miti, lakini chini ya miguu yake aliacha kipande cha ardhi ya Beaumont.

Halafu upo wekundu, ambao ni mdogo mno hata nimeona watu wakiutazama mchoro kwa dakika nzima bila kuutaja. Umo kwenye matandiko ya farasi, na unaitikiwa na matofali na vigae vya nyumba upande wa kushoto. Ufunike kwa kidole katika chapa yoyote iliyo nzuri, na malisho yote yatapoa papo hapo. Wekundu na kijani hukolezana vikiwekwa karibu, na kiasi kidogo cha kimoja kinatosha kukiamsha kingine. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuja kulieleza jambo hilo kwa utaratibu katika kitabu alichokichapa mwaka 1839, miaka miwili baada ya Constable kufariki. Mchoraji hakuingoja kanuni. Alikuwa amekwisha kuijua kwa jicho. Mtu anayehesabu vitu atasema farasi wamevaa matandiko. Anayesoma rangi atasema kwamba matandiko hayo ndiyo yanayoshika joto la adhuhuri yote.

Jambo la pili ni lile ninaloliita uso wa picha, kwa maana ya ukavu na ulaini wake, unene na wembamba wa rangi, alama ambazo brashi na kisu viliziacha. Hapa ndipo gazeti linapomwonea msomaji zaidi, kwa kuwa rangi inaweza kuchapwa hata kama si kwa uaminifu wote, lakini unene haupiti kwenye mashine. Kabla sijapata kusimama mbele ya mchoro wenyewe nilikuwa nikiujua kwa kalenda, na kwenye kalenda maji ya mto ni laini kama kioo. Mbele ya turubai nilikuta kwamba maji yale yametengenezwa kwa rangi nyepesi iliyolala chini, na juu yake chembe na mikwaruzo ya nyeupe nzito iliyoinuka kiasi cha kuushika mwanga wa chumba. Nilisogea kulia, na baadhi ya chembe zikazimika huku nyingine zikiwaka. Adhuhuri ile, kwa maneno mengine, haikuchorwa tu. Sehemu yake hutokea upya kila mtu anapopita mbele yake.

Watu wa zama zake hawakulipenda jambo hili. Zile chembe nyeupe zilitaniwa kuwa ni theluji ya Constable, kana kwamba alikuwa amezinyunyizia picha zake chokaa baada ya kuzimaliza. Picha iliyokamilika ilitakiwa isiwe na mkono wa mtu ndani yake, na alama ya brashi ilihesabiwa kuwa uvivu. Mimi naona kinyume chake. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake, kasisi John Fisher, mwaka uleule wa 1821, Constable alitaja vitu anavyovipenda: sauti ya maji yanayotoroka kwenye mabwawa ya vinu, mierebi, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi na kuta za matofali. Tazama orodha hiyo ilivyo. Hakuna mlima ndani yake, hakuna gofu la ngome, hakuna chochote ambacho msafiri angekwenda mbali kukitazama. Kila kilichotajwa kinafahamika kwanza kwa kukigusa au kukisikia: ubao unaomomonyoka ukiubonyeza, nguzo inayoteleza mkononi, tofali linalokwaruza. Mtu anayeipenda dunia kwa ncha za vidole vyake hawezi kuichora kwa rangi iliyopigwa pasi, na ukali wa uso wa picha zake ni ukweli wa aina hiyo.

Wanaotaka ushahidi wa kazi iliyofanyika wautazame mchoro mwingine. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, imo rasimu ya The Hay Wain yenye ukubwa unaokaribia kulingana na ule wa mchoro wenyewe. Constable alijiwekea desturi hii kwa baadhi ya picha zake kubwa za mto Stour, na ilikuwa desturi ya gharama, kwani ni kama mtu ajenge nyumba nzima ya udongo ili ajue namna ya kuijenga ya mawe. Katika rasimu hiyo rangi ya kahawia ya chini imeachwa wazi sehemu nyingi, miti ni mafungu ya giza, mwanga ni mikwaruzo ya haraka, na hakuna jani hata moja lililosimama peke yake. Zipo nyakati ninapoipenda rasimu kuliko kazi yenyewe, maana ndani yake upepo unavuma. Lakini nikiziweka mbili hizo pamoja akilini naona alichokuwa akikitafuta. Rasimu ilimpa uzito wa giza na mwanga. Kwenye kazi ya mwisho alijaribu kuingiza vitu vidogo ndani ya uzito huo bila kuuvunja, na chembe zile nyeupe ndizo mabaki ya kasi ya rasimu yaliyokataa kusawazishwa.

Tukumbuke pia kwamba kazi hii haikufanyika ukingoni mwa mto. Ilifanyika London, ndani ya chumba, katika miezi ya baridi iliyotangulia maonyesho ya 1821, kwa kutegemea kumbukumbu na michoro midogo aliyokuwa ameikusanya kwa miaka. Mkokoteni wenyewe hakuwa nao mbele ya macho, hata ikabidi kijana John Dunthorne, wa kijijini kwao, amchoree mfano wa mkokoteni wa mavuno na kumpelekea. Adhuhuri ya kiangazi iliyochorwa wakati wa baridi kutokana na karatasi iliyotumwa kutoka nyumbani ni kitu tofauti kabisa na mtu aliyekaa chini ya mti akainakili saa ilivyo. Hilo halimpunguzii mchoraji sifa. Linatuambia tu kwamba kila kilichomo kimechaguliwa, na kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kwa nini kimewekwa pale kilipo.

Hapo tunafika kwenye muundo. Upande wa kushoto umelemewa: nyumba ya mkulima Willy Lott, miti mirefu nyuma yake, kivuli, na mwanamke mdogo ameinama kando ya maji. Upande wa kulia umefunguka: malisho yamepigwa na jua hadi kwenye mstari wa miti ya mbali, na kando ya maji, kwenye matete, yumo mvuvi na mashua. Mkokoteni umesimama ndani ya mto kati ya pande hizo mbili. Wapo wanaoeleza kwamba wakati wa joto mbao za magurudumu hukauka na kunywea, pete ya chuma ikalegea, na kwamba kuyapitisha majini kulisaidia kuyakaza. Inawezekana, lakini hata bila maelezo hayo mpango wa picha unatueleza safari. Mbwa aliye ukingoni anautazama mkokoteni, nasi tunatazama anakotazama yeye. Vichwa vya farasi vinatuvusha kwenda kulia. Mbali kabisa, kwenye malisho, zipo nukta chache nyeupe ambazo ni mashati ya watu wanaokusanya nyasi, na mkokoteni mwingine unapakiwa huko. Ndipo msomaji anapogundua jambo ambalo jina la picha linalificha, kwamba huu mkokoteni wa nyasi hauna nyasi. Unarudi kupakia. Kinachoonekana kuwa mapumziko ni katikati ya zamu ya kazi.

Mbele, karibu na mbwa, kuna ushahidi mwingine kwamba muundo huu ulipatikana kwa kujaribu na kufuta. Katika rasimu palikuwa na farasi na mpandaji wake ukingoni mwa maji. Kwenye kazi ya mwisho Constable aliwaondoa, akaweka pipa mahali pao, kisha akalifunika na pipa lenyewe. Rangi ya mafuta hupoteza uwezo wake wa kufunika kadiri miaka inavyopita na kuanza kupenyeza kilicho chini yake, kwa hiyo leo anayejua mahali pa kutazama huona kivuli cha kilichofutwa kikitokeza. Kwa nini alifuta? Jibu langu ni kwamba kitu chochote kirefu mahali pale kingetusimamisha mlangoni. Alitaka macho yaingie majini bila kugonga kitu, na mbwa mfupi yuatosha kuwa bawabu.

Anga sitalisema kwa urefu, ingawa linachukua sehemu kubwa ya turubai, kwa kuwa wengi wamelisema. Nitakumbusha tu kwamba mwaka huohuo wa 1821 Constable alimwandikia Fisher kwamba katika mandhari anga ndilo kiungo kikuu cha hisia, na kwamba katika mwaka huo na uliofuata alichora mawingu mara nyingi Hampstead, karibu na London, akiandika nyuma ya baadhi ya karatasi tarehe, saa na upepo. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa ameweka mawingu kama pazia la nyuma. Mwanga unaoangukia malisho ya kulia una chanzo chake juu, kwenye nafasi zilizofunguka kati ya mawingu, na kivuli kilicho chini kina wingu lake. Hadithi ya ardhi inaanzia juu, na ukiikata picha kwenye mstari wa miti sehemu ya chini itabaki haina sababu.

Sasa niseme lile ambalo mwandishi wenu hakuligusa, na ambalo wapinzani wa mchoro huu hulisema kwa ukali. Miaka iliyofuata mwisho wa vita na Ufaransa mwaka 1815 ilikuwa ya dhiki mashambani Uingereza. Bei ya nafaka ilishuka, vibarua walikosa kazi, na katika majimbo ya mashariki kulitokea ghasia mwaka 1816 na tena mwaka 1822, mashine zikavunjwa na maghala yakachomwa moto. Kati ya ghasia hizo mbili ndipo Constable alipotuletea mto mtulivu na mkokoteni usio na haraka. Je, alidanganya? Sidhani kama swali hilo linajibiwa kwa kutafuta ndani ya picha kibarua mwenye njaa. Linajibiwa kwa muundo. Watu wanaofanya kazi kwa mikono wamewekwa mbali hadi wamekuwa nukta za rangi, na hakuna uso hata mmoja tunaoweza kuusoma. Nasi watazamaji tumesimama wapi? Tumesimama upande wa kinu cha Flatford, tukitazama ng'ambo ya maji kuielekea nyumba ya jirani. Yaani tumewekwa pale ambapo angesimama mtoto wa mwenye kinu. Kutoka hapo kazi inaonekana kuwa mwendo mzuri kati ya maji na malisho, na sauti ya ugomvi haifiki. Picha haikuuficha mtazamo huo. Imeuchora kwa uaminifu hata ukawa ushahidi dhidi ya aliyeuchora. Naupenda mchoro huu, na jambo hilo silisamehi, na sioni kwa nini nilazimike kuchagua moja.

Labda mtu atasema kwamba kusoma rangi, uso na muundo ni mchezo wa wataalamu, na kwamba msomaji wa gazeti anataka kuambiwa picha inahusu nini. Historia ya mchoro huuhuu inamjibu. London, mwaka 1821, ambako kila mtu aliweza kuitambua nyumba na mkokoteni, haukupata mnunuzi. Baadaye mfanyabiashara wa picha wa Paris, John Arrowsmith, aliununua, na mwaka 1824 ukaonyeshwa katika maonyesho makuu ya Paris, ambako mfalme Charles wa 10 alimpa Constable nishani ya dhahabu, na ambako inasimuliwa kwamba Delacroix, baada ya kuuona, aliirudia picha yake mwenyewe iliyokuwa tayari kwa maonyesho hayohayo na kuitia rangi upya. Wafaransa hao hawakuwa na shangazi Suffolk. Mto Stour haukuwakumbusha chochote cha utotoni. Kwa kuwa hadithi haikuwa yao, walilazimika kutazama rangi, na walipoitazama waliona kitu ambacho wenyeji, kwa kuzoea, walikuwa wamekipita. Sisi tunaousoma mchoro huu kwa Kiswahili tuko katika nafasi ya watazamaji wale wa Paris, na ni nafasi nzuri, mradi tusiipoteze kwa kujifanya tunalilia shamba ambalo halikuwa letu.

Ndugu Mhariri, nina ombi dogo la kikazi. Mnapochapa mchoro, tafadhali chapeni vipimo vyake chini ya picha, ili msomaji ajue kama anatazama kitu cha ukubwa wa daftari au cha ukubwa wa ukuta. Pili, pamoja na picha nzima iliyopunguzwa, tupeni walau kipande kimoja katika ukubwa wake halisi. Ukurasa mmoja wa gazeti lenu hauwezi kuubeba mchoro wenye upana wa karibu mita mbili, lakini unaweza kukibeba kipande chake bila kukipunguza hata sentimita. Kwa The Hay Wain, kama uchaguzi ungekuwa wangu, ningeacha nyumba, ningeacha farasi na mawingu, nikachagua ule ukingo wa mbele alipo mbwa: matope ya kahawia, maji yenye chembe nyeupe, na kando yake lile pipa lililofutwa ambalo bado linajaribu kutokeza.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa safu ya sanaa